Sifa ya Mti Uliopikwa

Yeyote apitaye nyuma ya maghala ya Kariakoo wakati shehena zinaposhushwa ataona, katika baadhi ya paleti za mbao, muhuri wenye suke la ngano na herufi HT, alama ya kuthibitisha kwamba ubao ule ulipashwa moto mpaka kiini chake kikafikia nyuzi 56 za sentigredi, ukadumu katika hali hiyo nusu saa nzima. Kusudi la joto lile ni kuua dumuzi na mabuu yao, basi; tabia ya mti haikuguswa, wala seremala aununuaye ubao huo asidhani amepata mbao iliyotulia.

Na utulivu ndio aushi yote ya kazi yake, kwa sababu mti, hata baada ya kukatwa, haukomi kunywa unyevu wa hewa na kuutoa. Mlango ulioundwa Gerezani wakati wa masika, hewa ikiwa imejaa rutuba ya bahari, ukipelekwa Dodoma penye ukavu hunywea, viungo vikaachana, na nuru ikapenya palipokuwa pamefungwa barabara. Mninga umejaliwa: ukikauka hupungua kidogo mno, na ndiyo sababu mojawapo ya kuenziwa kwake. Lakini mninga wa mwituni hukawia kukomaa na umezidi kuadimika, na sokoni huja mitiki ya mashambani, ya Longuza, Mtibwa na Kilombero, ambayo ikivunwa ingali michanga huwa na sehemu kubwa ya mbao nyeupe ya nje, isiyo na uimara wa kiini.

Hapo ndipo ninapoitukuza elimu ya tanuri. Kwa joto la nyuzi 180 hadi 230, ndani ya mvuke uliofukuza oksijeni ili mbao isiwake, hemiselulosi, ambayo hupenda maji kuliko sehemu nyingine zote za mti, ndiyo itanguliayo kuvunjika. Na mti uliopungukiwa nayo haufyonzi tena kama kwanza, hata unyevu ubakiao ndani yake ukakaribia nusu ya ule wa asili, na ile mbao nyeupe ikakoza rangi ikafanana na kiini. Wafini waliifanya njia hii kuwa kazi ya viwanda katika miaka ya 1990, kwa misonobari yao. Miti yetu migumu ina mashaka zaidi, kwani kushikamana kwa nyuzi zake huchelewesha joto kuingia na mvuke kutoka, na msimamizi mwenye pupa huutoa ubao umepasuka ndani kwa ndani, hali uso wake ni mzima. Ustahamilivu wa msimamizi apandishaye joto kidogo kidogo, kisha akalishusha vivyo hivyo huku akiirudishia mbao unyevu kiasi cha asilimia 4 hadi 7, kwangu mimi ni fani kamili, sawa na ya mchonga nakshi.

Wala moto hautoi bure. Mbao hiyo hupoteza sehemu ya nguvu zake za kustahimili uzito na kishindo, na msumari upigwao bila kutangulizwa tundu huipasua. Kwa hiyo haifai kuwa boriti, wala miguu ya kitanda. Mimi ningeitaka katika fremu za madirisha ya Mtaa wa Msimbazi, zinyeshewazo alfajiri na kuchomwa na jua adhuhuri, mahali ambapo kutovimba ni bora kuliko nguvu. Na ningeiweka mbali na udongo, maana kuoza huchelewa, ila mchwa huila.