Jumatatu Wodini, Jumamosi Mara

Mwaka juzi, kwa siku nne, nilikuwa msichana wa Kimarekani wa miaka 21. Nilikuwa nimejitolea wiki tatu katika hospitali moja ya umma hapa Kenya, nikaguswa moyo, nikabadilika, na sasa nilikuwa naomba nafasi ya kusomea udaktari. Hayo yote niliyafanya nikiwa kwenye bedsita yangu Roysambu, laptopu mapajani, stima ikipotea na kurudi.

Wanaoijua kazi hii wanaijua. Niliacha chuo mwaka wa tatu, na kama vijana wengi wa Nairobi wenye Kiingereza kizuri na mfuko mtupu, nikaanza kuwaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha zao. Mteja analipa, wewe unaandika, jina linabaki lake. Huyu alinitumia kumbukumbu za safari yake nizifanyie kazi. Kurasa tatu hivi. Hospitali ilikuwa na mistari sita. Zilizobaki zote zilihusu wikendi moja Maasai Mara.

Kwanza nilicheka. Halafu nikazisoma tena, na tangu hapo sijaweza kusoma maandishi ya wajitoleaji kwa jicho la zamani.

Kurasa za wikendi zilikuwa nzuri. Si za kushinda tuzo, lakini mtu alikuwa ameangalia. Kulikuwa na pale juu ya Mai Mahiu watu wanaposimama kutazama Bonde la Ufa, na mwenye duka la vinyago aliyeanza na bei ya elfu nne akaishia elfu moja na mia mbili. Kulikuwa na dereva mwenye jina, aliyezima gari na kuwaambia wanyamaze wasikilize. Mteja wangu alimwita duma chui. Dereva akamsahihisha: mwenye michirizi ya machozi usoni ni duma. Aliandika kosa lake na aibu yake, vyote viwili.

Mistari sita ya hospitali ilikuwa na wagonjwa wengi, harufu, nesi mmoja na mtoto mmoja. Hakuna jina. Hakuna swali lililoulizwa. Hakuna mtu aliyemsahihisha.

Kazi yangu ilikuwa kujaza hilo pengo, nami nikalijaza. Mtoto yule wa mstari mmoja nikampa miaka mitano, macho makubwa, na mkono uliomshika mteja wangu kidole na kukataa kukiachilia. Nikampa mama mwenye tabasamu licha ya kila kitu. Mteja alifurahi kweli, akaniongezea dola kumi.

Sasa, uhakiki wa kawaida wa safari hizi huishambulia wikendi. Eti hawa si watu wa kusaidia, wamekuja kuona simba, wodi ni kisingizio. Binyavanga Wainaina alitufundisha kucheka vizuri katika insha yake ya 2005 kwenye jarida la Granta, ile ya maagizo ya jinsi ya kuiandika Afrika, na kicheko kile kilihitajika. Louise Linton alipochapisha kumbukumbu za miezi yake Zambia mwaka 2016, Wazambia walimjibu mtandaoni mstari kwa mstari hadi kitabu kikawa mzaha. Tumekuwa hodari wa mzaha huu. Lakini nadhani tunaukosea mahali pa kuulenga.

Kwa maoni yangu, wikendi ndiyo sehemu ya kweli. Jumamosi, mgeni anakubali kwamba hajui. Anamlipa mtu anayejua, anauliza, anasahihishwa, kwa hiyo anaona. Jumatatu akirudi wodini lazima awe anahitajika, la sivyo safari nzima haina maana. Na mtu anayelazimika kuhitajika hana nafasi ya kuuliza. Uongo wa maandishi haya umelala pale kwenye mtoto na kidole, wala hatuhitaji kuutafuta kwenye picha ya simba. Nasema hivi kwa uhakika kwa sababu ule wangu niliuandika mwenyewe.

Tabia hii ni ya zamani. Albert Schweitzer alifika Lambaréné, Gabon, mwaka 1913, na kitabu chake kuhusu miaka ya mwanzo pale kikatoka 1921. Huyu hakuja wiki tatu. Alifia huko mwaka 1965. Ndani ya kitabu yumo Joseph, msaidizi na mkalimani wake, aliyekuwa mpishi zamani na hivyo kuvitaja viungo vya wagonjwa kwa majina ya vipande vya nyama jikoni. Ni kichekesho kinachorudiwa mpaka leo. Lakini hebu fikiria: bila Joseph daktari hajui mgonjwa anaumwa wapi. Hospitali inapita mdomoni mwa mtu huyu, na kitabu kinamkumbuka kwa mapaja ya kondoo. Hata hivyo, nikimlinganisha na nesi wa mteja wangu, Joseph ana bahati. Ana jina, na anasema.

Na si kwamba wodi haiwezi kuandikika. Yusuf Dawood, mpasuaji wa Nairobi, aliandika safu yake ya shajara ya daktari kwenye Sunday Nation kwa miongo mingi, na wasomaji wakawa wanaifungua kabla ya siasa. Margaret Ogola, aliyetupa The River and the Source mwaka 1994, alikuwa daktari wa watoto. Wanafunzi wake wa udaktari wanashindana na kupendana kama watu, hawakai hapo kumgusa mgeni moyo. Tofauti ni kwamba kwa waandishi hawa mgonjwa anaweza kuwa msumbufu, mwongo, mchoyo, mcheshi. Mtoto wangu hakuwa na ruhusa ya kuwa chochote isipokuwa macho.

Nina binamu yangu ambaye ni nesi Uingereza. Alienda baada ya serikali zetu mbili kutia saini mkataba wa wahudumu wa afya mwaka 2021. Kabla ya kumgusa mgonjwa hata mmoja kule alifanya mtihani wa Kiingereza, akafanya wa vitendo, akasajiliwa. Yeye pia ana wikendi. Picha yake ya mwisho alikuwa ufuoni Blackpool, Julai, amevaa koti. Hajaandika popote kwamba Waingereza wana furaha licha ya upweke wao. Nilimwuliza kwa nini haandiki. Akaniambia, "Wee, kuna mzee mmoja nimemhudumia miezi minne na bado simwelewi." Hiyo sentensi moja inashinda insha yangu yote.

Kuna jambo sijalisema. Mwaka nilioacha chuo, mamangu alikuwa amelazwa katika wodi ya aina hiyohiyo, wiki mbili, wagonjwa wawili kitanda kimoja. Karo yangu ilienda kwenye bili. Kwa hiyo mteja wangu aliponitumia mistari sita, mimi ndiye niliyejua kilichokosekana. Nilijua jinsi daktari anavyokuandikia karatasi utoke ukanunue glavu na dripu kwa kemia ya nje. Nilijua nesi wa zamu ya usiku anavyovua viatu saa tisa alfajiri akidhani wote wamelala. Jina lake nalijua; silitaji hapa kwa sababu sijamwomba. Nilijua mama wa kitanda kimoja na mamangu alivyokuwa anaiba blanketi, na walivyogombana, na walivyolia pamoja siku ya kuachana.

Nilikuwa na haya yote mkononi, na nikaandika mtoto na kidole. Hakuna aliyenilazimisha. Nilijua kinachonunuliwa.

Basi ukikutana na maandishi ya mgeni aliyejitolea, usianze kwa kumcheka simba wake. Soma ukurasa wa simba kwanza, uone jinsi anavyoweza kuangalia akikubali kufundishwa. Halafu geuka wodini uhesabu: wangapi wana majina, wangapi wamemsahihisha. Na ukikuta mtoto mwenye macho makubwa aliyekataa kuachilia kidole, jua huenda ni wangu. Nilimuumba Roysambu, Jumatano usiku, stima ilipokuwa imerudi.