Jaji Anayeziba Mdomo Wake

Katika mashindano ya midahalo ya sekondari nchini Marekani, jaji mara nyingi huketi na karatasi kubwa na kalamu mbili, kwa mfano ya bluu kwa hoja za anayeunga mkono mada, nyekundu kwa za mpinzani. Hotuba ya kwanza ikianza, kalamu nayo inaanza kukimbia.

Mtindo mmoja wa midahalo hiyo, Lincoln-Douglas, ulipewa jina la wagombea useneta waliochuana jukwaani mara 7 huko Illinois mwaka 1858. Wanafunzi hukabiliana mmoja kwa mmoja. Ukiacha muda wa maswali, kila mmoja ana dakika 13, ila mgawanyo unatofautiana: muungaji mkono hupewa 6, kisha 4, na 3 za kumalizia, mpinzani hupewa 7, halafu 6. Maana yake, hotuba ya dakika 7 inabidi ijibiwe ndani ya dakika 4. Jaji mzoefu hatafuti madoido hapo. Anatazama kama kila hoja imeguswa.

Karatasi yake ina safu wima, kila hotuba na safu yake. Hoja huandikwa kwa mkato, jibu mkabala nayo, na mshale huziunganisha. Palipobaki wazi, hoja haikujibiwa, na kwa desturi huhesabiwa kuwa imekubaliwa.

Hapo ndipo penye kazi. Mwanafunzi anadai kwamba adhabu ya kifo hupunguza mauaji. Jaji huenda ameisoma ripoti ya Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani ya mwaka 2012, iliyosema kwamba tafiti zilizokuwapo hazifai kuthibitisha wala kukanusha dai hilo. Jibu analo, limemjaa kinywani. Lakini mpinzani asipolisema, jaji hana ruhusa ya kumsemea. Akifanya hivyo amegeuka mshindani wa tatu.

Hata hivyo, hoja iliyoachwa haijishindii yenyewe. Aliyeitoa lazima airudie katika hotuba yake ya mwisho na aeleze uzito wake. Na hoja mpya ikichomekwa katika dakika 3 za mwisho, jaji huipuuza, kwa kuwa mpinzani hana tena zamu ya kujibu.

Ufasaha nao una fungu lake: alama za usemaji, aghalabu hadi 30. Kwa hiyo mwenye ulimi mtamu anaweza kumzidi mwenzake kwa alama hizo na bado akashindwa raundi.

Mwisho jaji huandika sababu za uamuzi. "Umezungumza vizuri" haimsaidii mtu. Sababu yenye manufaa hutaja mahali: hoja ya pili ya mpinzani haikujibiwa, dakika mbili zikateketea kwa mfano ambao hakuna aliyeupinga. Maelezo hayo mwanafunzi anayahitaji upesi, maana raundi ifuatayo anaweza kupangiwa kuipinga mada ileile aliyotoka kuitetea.