Chuma, Asidi na Hesabu ya Mionzi

Simulizi za machimbo ya urani ya Shinkolobwe, Katanga, karibu zote huishia kwenye bomu la Hiroshima. Kikula, komini ya Likasi iliyo kilomita 20 hivi kutoka machimbo hayo, ina haki ya kusikia na upande wa pili. Kuanzia miaka ya 1920 mawe hayohayo yalisafirishwa hadi Olen, Ubelgiji, yakatolewa radiamu, na radiamu ikaingia hospitalini kutibu saratani. Mgonjwa amepata mionzi kiasi gani? Kwa miaka mingi ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo: ikiwiva nyekundu, dozi imetosha. Guido Holzknecht wa Vienna alijaribu mwaka 1902 kuitua ngozi mzigo huo kwa vidonge vya chumvi vilivyobadilika rangi vikipigwa na eksirei. Mwenyewe alikufa mwaka 1931 kwa madhara ya mionzi aliyoishughulikia maisha yake yote. Ufundi huo, wa kuiacha kemikali ipokee pigo badala ya mwili na kisha itoe hesabu, nauona kuwa miongoni mwa kazi zenye utu mkubwa kabisa katika sayansi, na Likasi ina kila sababu ya kuudai.

Hugo Fricke ndiye aliyeufikisha mahali pa kuaminika, mwaka 1927. Mchanganyiko wake ni maji, chumvi ya chuma kidogo sana na asidi ya salfuriki, asidi ileile inayoyeyusha madini ya shaba na kobalti katika viwanda vya Shituru, Likasi. Mionzi huvunja molekuli za maji. Vipande vyake hukinyang'anya chuma elektroni moja, na chuma chenye chaji mbili kinakuwa chenye chaji tatu. Kwa kila elektronivolti 100 zinazofyonzwa, ayoni 15.5 hivi hugeuka, na idadi hiyo husomwa kwa mwanga wa urujuanimno wa nanomita 304, ambao jicho haliuoni. Uzuri wake uko hapa: humo ndani karibu kila kitu ni maji, kama ilivyo katika nyama ya mtu, hivyo kinachokipata chombo kinafanana na kile ambacho kingempata mgonjwa. Lakini mchanganyiko huu haumvumilii mzembe. Maji lazima yawe yamekenekwa kwa uangalifu, na chupa iwe safi kupindukia, kwa sababu mabaki kidogo tu ya sabuni au mafuta ya kidole huongeza hesabu kwa uongo. Mafundi hutia chumvi ya kawaida kidogo ili kuupunguza uongo huo.

Mwaka 1984 John Gore na wenzake walionyesha kwamba mabadiliko hayo ya chuma yanaweza kusomwa kwa mashine ya sumaku inayopiga picha za mwili. Kuanzia hapo mchanganyiko ukatiwa katika jeli, nayo ikashika umbo la dozi. Ukiongeza rangi iitwayo zilenoli oranji, jeli ya manjano hugeuka zambarau pale tu mionzi ilipopita, na mpaka wa mwale wa mionzi unauona kwa macho ndani ya mtungi. Picha hiyo haidumu: ayoni za chuma hutambaa ndani ya jeli, na baada ya saa chache kingo zimeanza kufifia. Jeli za polima, zilizoenea miaka ya 1990, ziliondoa kasoro hiyo lakini zikaleta adui mwingine. Oksijeni, ambayo mchanganyiko wa Fricke unaihitaji, huzizuia hizo zisigande.

Kuna anayesema kifaa cha elektroniki hutoa jibu papo hapo, kwa nini kuhangaika na mitungi? Ni kweli, na kwa kazi ya kila siku kifaa hicho ndicho kinachofaa. Ila kwa kawaida kinapima nukta moja kwa wakati mmoja. Uvimbe ulioegemea uti wa mgongo hauna umbo la nukta, na milimita chache za kosa zinaweza kumpoozesha mtu. Hapo jeli inaonyesha ujazo mzima.

Pingamizi lililo zito zaidi latoka Shinkolobwe kwenyewe. Machimbo yalifungwa kwa amri ya rais Januari 2004, Julai mwaka huohuo yakaporomoka na kuua watu, na kinachohofiwa huko ni vumbi na dozi ndogondogo za muda mrefu. Mchanganyiko wa Fricke huanza kusema kwa uhakika kwenye dozi ya grei 20 hivi, kiwango ambacho mchimbaji wa kawaida hatakikaribia. Nakubali kabisa: kwa mchimbaji tunahitaji beji za fuwele na vihesabio. Kemia hii ni ya chumba cha tiba. Mwaka 1996 mjini San José, Costa Rica, mashine ya tiba inayotumia mionzi ya kobalti 60 ilibadilishiwa chanzo, kiwango chake kikakokotolewa vibaya, na wagonjwa 115 wakapewa dozi kupita kiasi. Kipimo kimoja huru, kabla ya mgonjwa wa kwanza kulala mezani, kingelifichua kosa hilo.

Kobalti 60 hupatikana kwa kuipiga kobalti kwa nyutroni ndani ya reakta, na kobalti ndiyo iliyo chini ya miguu ya watu wa Katanga. Anayedai kwamba ufundi huu ni anasa kwa watu wanaokosa umeme hajaangalia orodha ya mahitaji yake: chumvi ya chuma, asidi, jelatini, maji safi, kifaa cha kusomea matokeo na mikono iliyofunzwa. Asidi Likasi inaijua kwa vizazi. Mikono hiyo yaweza kufunzwa katika maabara ya kemia ya shule yoyote iliyo makini, mitungi ikapelekwa kwenye mashine ya tiba ilipo, nayo ikasomwa siku hiyohiyo.