Saraka si Kabrasha: Uhakiki wa Sitiari katika Amri za Kusimamia Mafaili

Folda, kabrasha na saraka ni istilahi ambazo tafsiri za programu za kompyuta huzitumia kana kwamba ni visawe. Uhakiki huu unashikilia kwamba zimebeba sitiari mbili zinazopingana, na kwamba kwa mtumiaji wa terminali upinzani huo unaweza kumgharimu kazi yake.

Kabrasha ni chombo: hufunguliwa, hutiwa karatasi, hufungwa. Sitiari hii ya ofisini ilienea pamoja na violesura vya picha, kama kile cha Xerox Star cha mwaka 1981. Mfumo wa Unix, ulioanzishwa na Ken Thompson na Dennis Ritchie katika Bell Labs mwaka 1969, ulijengwa juu ya dhana nyingine. Humo, saraka yenyewe ni faili lenye orodha ya majina, na kila jina limeambatanishwa na namba inayoelekeza kwenye taarifa za faili husika. Ni daftari, si mkoba.

Ushahidi umo katika amri zenyewe. Amri ya rm aghalabu hufasiriwa kwa kitenzi “futa”, tafsiri inayopotosha. Faili likipewa jina la pili kwa amri ya ln, kisha jina la kwanza likaondolewa kwa rm, maudhui hubaki yakisomeka kupitia jina lililosalia. Kilichofutwa ni ingizo katika daftari. Ndiyo maana, kwa kawaida, ruhusa inayohitajika ni ya kuandika katika saraka, wala si katika faili: mwenye saraka anaweza kuondoa faili asiloruhusiwa hata kulisoma. Kwa mantiki ya kabrasha, hiki ni kioja. “Ondoa” kingekuwa kitenzi bora, ijapokuwa nacho hakisemi kinachoondolewa ni nini.

Tatizo huwa zito zaidi katika mv, ambayo Kiswahili huilazimisha kuchagua kati ya “hamisha” na “badili jina”. Kwa Unix, ndani ya mfumo mmoja wa mafaili, hayo ni tendo moja la kurekebisha daftari. Chukua mwanafunzi anayeandika mv sura1.txt nakala, akidhani saraka ya nakala ipo. Kama haipo, sura ya kwanza hugeuka kuwa faili liitwalo nakala, bila onyo lolote. Anapoandika mv sura2.txt nakala, sura ya pili huchukua jina hilo na ya kwanza hupotea. Terminali haina jalala la kuirejesha.

Chaguo la -i huifanya mv iulize kabla ya kufunika faili lililopo. Mwongozo unaotafsiri mv kwa “hamisha” pekee haumpi msomaji sababu ya kulitumia, kwa kuwa atiaye karatasi kabrashani hatarajii kuiangamiza iliyotangulia.