Jina Bila Kazi, Kazi Bila Jina: Alkan, Hensel na Suala la Ufufuzi

Makala haya yanakusudia kuchunguza namna mbili za kusahauliwa kwa mtunzi, kwa kurejelea muziki wa piano wa tapo la ulimbwende huko Ulaya katika karne ya 19. Ni desturi kudai kwamba wakati ndio mhakiki bora: kilicho bora hudumu, na kilicho hafifu hupotea. Tutajaribu kuonyesha kwamba dai hili halina mashiko, na kwamba ufufuzi wenyewe waweza kuendeleza dhuluma unayokusudia kuiondoa. Mifano yetu ni Charles-Valentin Alkan (1813–1888) wa Ufaransa na Fanny Hensel (1805–1847) wa Ujerumani.

Alkan aliingia Conservatoire ya Paris akiwa mtoto mdogo, akawa mpiga piano mashuhuri na jirani yake Chopin. Mwaka 1848 alikosa uongozi wa idara ya piano chuoni humo, nafasi hiyo ikapewa Antoine Marmontel. Muda si mrefu baadaye alijitenga na majukwaa kwa takriban miaka 20. Yamkini wengi wanaolijua jina lake walilipata katika kisa cha kifo chake: kwamba aliangukiwa na kabati la vitabu alipokuwa akiitoa Talmudi kwenye rafu ya juu. Watafiti wamekwisha kukitilia shaka kisa hiki. Ushahidi wa barua ya wakati huo unaeleza kuwa alikutwa jikoni, ameangukiwa na samani ya kutundikia miavuli na makoti. Hata hivyo kisa kilidumu, ilhali muziki haukudumu. Hili ndilo tunaloliita jina bila kazi.

Kazi yenyewe ni ipi? Mwaka 1857 Alkan alichapisha mazoezi 12 ya piano, Opasi 39. Matatu kati yake yanaunda koncheto ya piano pekee. Kwa kawaida koncheto ni majibizano baina ya mpigaji mmoja na okestra nzima. Hapa okestra haipo. Vidole vilevile 10 vinatoa sauti ya umati na sauti ya mtu binafsi, sawa na mtambaji wa ngano ambaye ni mhusika, mpinzani wake na kiitikio kwa wakati mmoja. Sehemu ya kwanza pekee ina vipimo zaidi ya 1,300 na huchukua karibu nusu saa. Ni kweli kwamba urefu huo huchosha mahali pengine, na si kila ukurasa unaoustahili. Lakini ni sharti tujiulize kwa nini mtu aliyejitenga na hadhira aliamua kuuingiza umati mzima ndani ya ala moja. Umbo la utungo linabeba historia ya kutengwa kwake.

Hali ya Hensel ni kinyume. Yeye, dadake Felix Mendelssohn, alielezwa na baba yao mwaka 1820 kwamba kwake muziki ungekuwa pambo tu, hali kwa kakake ungeweza kuwa kazi. Nyimbo zake 6 zilitoka katika Opasi 8 na 9 chini ya jina la Felix. Mwaka 1842 Malkia Victoria aliuimba mmojawapo mbele ya Felix, naye akalazimika kukiri kuwa ulitungwa na dadake. Dhuluma hii haikukoma kifoni. Hati ya sonata ya mwaka 1828 ilipopatikana Paris mwaka 1970, ikiwa na saini "F. Mendelssohn", sonata hiyo ilirekodiwa kama kazi ya Felix. Ni mwaka 2010 ambapo uchunguzi wa hati hiyo ulionyesha kwamba kurasa zake zilinyofolewa kutoka katika mkusanyiko wa Fanny mwenyewe. Hii ni kazi bila jina: ilifufuliwa, lakini aliyeitunga akazikwa mara ya pili.

Mhakiki wa mkabala wa umuundo atapinga kwamba noti ni zilezile, na kwamba matini hujitosheleza. Tunakubali sehemu ya kwanza ya hoja hii na kuikataa ya pili. Utungo wa Hensel wa 1841 uitwao Das Jahr, yaani Mwaka, una vipande 12 vya miezi pamoja na tamati. Haukuchapishwa hadi 1989. Katika Machi, Desemba na tamati, Hensel anadondoa nyimbo za ibada za Kilutheri. Katika Machi, wimbo wa ufufuko unachomoza kutoka katika mwanzo wenye giza na wahaka. Wimbo wa ibada ni sauti ya jumuiya. Mwanamke ambaye uwanja wake ulikuwa hasa matamasha ya Jumapili nyumbani kwake anaialika jumuiya hiyo katika kazi ya faraghani. Mwingilianomatini huu hauelezeki kikamilifu pasipo kumjua aliyeutunga na mlango aliofungiwa.

Hapa ndipo watunzi wetu wawili wanapokutana. Wote wawili, mmoja kwa kujitenga na mwingine kwa kutengwa, waliifanya piano moja kuwa makao ya umma. Kwa hivyo kusahauliwa kwao si ajali iliyozipata kazi zao kutoka nje. Kutengwa kwao kumo ndani ya umbo la kazi hizo.

Kwa kuhitimisha, ufufuzi haukamiliki kwa kuzipiga noti upya wala kwa kuwahurumia waliozitunga. Kusahauliwa si sifa, na huruma si uhakiki. Kazi ya mhakiki ni kuthibitisha jina, kukipima kisa kwa ushahidi, kisha kuisoma kazi kwa makini, pamoja na udhaifu wake. Lililofanywa na wahariri, wachapishaji na jamaa halifai kusingiziwa wakati.