Mwalimu Asiyechora Ubaoni

Mwaka 1937, nyumbani kwake Kampala, Mwingereza Margaret Trowell alianza kufundisha sanaa bila kuwawekea wanafunzi picha ya kuiga. Aliwasimulia tukio, akawataka walione kwanza akilini, ndipo wachore. Masomo hayo yalizaa shule ya sanaa ya Makerere, ambayo hadi leo ina jina lake.

Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame, alisoma kwake, kisha akafundisha palepale. Katika picha zake Wachagga wanalima, wanavuna, wanapeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku. Hiyo ya pombe ilinunuliwa na Museum of Modern Art ya New York. Elimo Njau wa Marangu, naye zao la Makerere, alichora maisha ya Yesu kwenye kuta za kanisa la Murang'a, yakitukia miongoni mwa watu na vilima vya Ugikuyu.

Ufundi wenyewe wa kufundisha hivyo ni mgumu kuliko unavyoonekana. Mwalimu akichora chungwa ubaoni, darasa zima litamletea chungwa lilelile, na kusahihisha kutakuwa kwepesi. Akiwaambia wachore siku ya gulio mvua iliponyesha, kila daftari litakuja na mvua yake: huyu kachora miguu tu chini ya meza ya nyanya, yule kajaza ukurasa mzima miavuli. Hapo anayestahili sifa ni mwalimu anayeuliza, "Hapa kuna nini?" kabla hajashika kalamu nyekundu.

Uhaba wa vifaa haumshindi mwalimu huyo. Walimu huita kazi ya kujitengenezea vifaa kufaragua zana: udongo mwekundu uliochekechwa na kukorogwa katika uji mwepesi wa muhogo hushika vizuri kwenye karatasi, mkaa hutoa weusi, bizari ya manjano hutoa rangi yake. Kijiti cha mswaki kikitafunwa ncha kinakuwa brashi.

Na kuna kiazi. Kikikatwa katikati na kufutwa majimaji, huchongwa umbo, hupakwa rangi, hugongwa. Mtoto anayechonga herufi ya kwanza ya jina lake, tuseme R, huiona ikitoka kinyume. Anachonga tena, safari hii akiigeuza kwanza kichwani. Hiyo ni hisabati ya maumbo, nayo imepatikana katika kipindi cha sanaa ambacho, mitihani ikikaribia, shule nyingi hukifuta ili kupisha hisabati.