Pindo, Mji na Jina

Manzese Darajani huwezi kumfikia fundi yeyote bila kupita katikati ya viatu. Mitumba imepangwa kandokando ya Barabara ya Morogoro, imesuguliwa hadi inadanganya umri wake, na muuzaji anakuita "bosi" hata kama umevaa ndala. Chumba ninachokwenda kiko nyuma ya duka la steshenari: mlango wa bati, feni moja, meza mbili, na kijana wa miaka thelathini na kitu ambaye mtaani wanamwita Fundi tu, ingawa majirani wengi hawajui hasa anatengeneza nini. Wapo wanaomletea redio. Anazipokea kwa adabu, anazigeuzageuza, kisha anawaelekeza kwa fundi redio wa mtaa wa pili. Yeye anatengeneza tovuti.

Nilikwenda kwake na shida yangu ndogo, nikanogewa kutazama kazi ya mtu mwingine. Mteja alikuwa mama mmoja wa makamo anayelea watoto yatima, ana kikundi chake kilichosajiliwa, na alitaka ukurasa wa kueleza anachofanya na kupokea michango. Fundi hakumtoza. Kila mwaka hufanya kazi moja ya namna hiyo bure, na ukimuuliza kwa nini, anabadilisha mazungumzo. Sikukaza swali. Mtu anayeficha sadaka yake aachwe nayo.

Siku ya kwanza kompyuta haikuwashwa kabisa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Mama, watu huwa wanakuletea vipi?"

"Wengine mchele, wengine wananitumia kwa simu, wengine wanasema watatuma."

"Hao wanaosema watatuma unawaandika wapi?"

Mama akacheka, akatoa daftari kwenye mkoba. Lilikuwa limepigwa mistari kwa kalamu nyekundu, na juu ya safu mbili ameandika Ahadi na Taslimu. Aliyewahi kukaa kwenye kamati ya harusi au ya msiba anazijua safu hizo. Ndizo zinazozunguka kwenye makundi ya WhatsApp kila wiki, jina la mtu na kiasi chake, na tiki ya kijani mbele ya aliyekwisha kutoa. Fundi alilitazama lile daftari kwa muda mrefu kuliko nilivyoona akitazama tovuti yoyote ya Ulaya. Kisha akaomba ruhusa ya kulipiga picha. Ukurasa wa hesabu wa tovuti ile, kama ulivyo leo, ni daftari la mama: ahadi, taslimu, na chini yake matumizi, mchele kilo ngapi, mafuta lita ngapi, sare pea ngapi. Majina ya watoaji tu ndiyo hayapo. Kwenye harusi jina lako likikosekana ni aibu. Kwenye sadaka ya yatima, likitangazwa, wengine wanaona thawabu imepungua. Mama na Fundi walilijadili hilo nusu saa nzima, na mwishowe wakakubaliana kuandika "mtoaji" na kiasi, basi.

Muundo wa ukurasa wa mbele ndio uliochukua siku nne, na hapo nikajifunza jambo nililokuwa nikilivaa bila kuliona. Nilimuuliza kwa nini ombi la mchango liko chini, ilhali wauzaji wote wa mtandaoni hufundishana kulipachika juu kabisa, tena kwa rangi ya kupiga kelele. Akanijibu kwa kanga. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina. Pindo linazunguka pande zote nne na kuishika nguo isisambae machoni. Mji ni uwanja wa katikati, ndiko macho yanakoingia kwanza. Jina liko chini ya mji, karibu na pindo la chini, herufi kubwa, sentensi moja. Unalisoma baada ya macho kushiba. Hakuna mwanamke anayechagua doti kwa kusoma jina kabla ya kuona mji, ingawa jina ndilo litakalomfanya ainunue au airudishe. Kwa hiyo ukurasa wake una pindo jembamba la rangi, una mji wenye picha moja na maneno machache, na ombi linakaa mahali pa jina: sentensi moja.

Usidhani wazo hilo alilitoa hewani. Kiwanda cha Urafiki, kilichojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1968, kiko jirani kabisa na Manzese, barabara hiyohiyo, na kwa miaka mingi kilichapa kanga na vitenge vilivyovaliwa nchi nzima. Watu wa Manzese wamelelewa ndani ya usanifu wa kurasa. Ila tu hawakuuita hivyo. Na kanga yenyewe ilianza kubeba maneno kwa hati ya Kiarabu kabla ya kuhamia herufi za Kirumi, hivyo hata suala la kubadili hati bila kuharibu muundo mafundi wa pwani walikwisha kulitatua zamani.

Sikukubaliana naye moja kwa moja. Nilimwambia yupo mtu mwenye haraka, amekwisha kuamua, hataki kushibisha macho. Akakaa kimya, akaweka kiungo kidogo juu kulia, "Changia", bila rangi ya kelele. Hata neno lenyewe alilipima. "Toa" aliliona kama amri. "Saidia" linamweka mtoaji juu na mpokeaji chini. "Changia" lina wenzako ndani yake. Huwezi kuchangia peke yako.

Lugha ndiyo inayonivutia zaidi katika kazi yake, labda kwa kuwa ndiyo kazi yangu pia. Templeti nyingi zinazonunuliwa zimetungwa na watu wanaodhani wingi ni herufi moja inayobandikwa mwishoni mwa neno. Kwetu wingi uko mbele, tena unaburuta sentensi nzima: mchango mmoja umepokelewa, michango miwili imepokelewa. Ndiyo maana unakuta tovuti zenye fedha nyuma yake zikikuandikia "wiki 1 zilizopita" bila haya. Fundi huandika kila sentensi mara mbili, ya umoja na ya wingi, na kuielekeza programu ichague. Kisha kuna ng'ombe. Kile kialama cha juu kwenye ng' kina maana yake katika lugha za programu, kwa hiyo mafundi hukikinga kwa kimstari cha mshazari; mzembe akisahau kukiondoa, ng'ombe wa msomaji anatokea nacho shingoni. Nimewaona ng'ombe wa namna hiyo kwenye tovuti ya ofisi moja kubwa, na hakuna aliyewafungua.

Saa nazo. Templeti ilitaka muda wa kutembelea kituo uandikwe 9:00 hadi 16:00. Mama hajawahi kuishi ndani ya saa hizo. Kwake wageni wanakaribishwa saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni. Ukiandika 3:00 peke yake, mgeni mwingine atafika alasiri. Fundi akaandika saa 3 asubuhi, kwa maneno, akafuta kile kisanduku cha saa cha templeti moja kwa moja.

Na kuna herufi mbili asizozisahau kamwe, sw, zinazokaa juu kabisa ya ukurasa mahali ambapo msomaji hazioni. Zinaieleza mashine kwamba lugha ni Kiswahili. Templeti huja zimeandikwa en, na zikiachwa hivyo, programu inayomsomea asiyeona itasoma "mchele" kama Mzungu aliyeshuka uwanja wa ndege asubuhi hii.

Uzito wa ukurasa ni ugonjwa wake mwingine. Mama alileta picha kumi na mbili, kila moja MB 4, jumla MB 48. Fundi alizikata, akazibana, akabakiza tatu, na ukurasa mzima ukashuka chini ya KB 300. Kisha akatoa droo ya simu zake za majaribio: Tecno ya zamani yenye ufa, itel moja ambayo betri yake imevimba kidogo, na Samsung ya mama yake mzazi. Tovuti haijaisha mpaka ifunguke kwenye ile itel, nje, juani, kwa bando la siku linaloelekea ukingoni. Ana heshima kubwa kwa ukurasa wa kwanza wa Tim Berners-Lee, ule wa CERN wa mwaka 1991, maandishi na viungo vitupu, na huwa anauonyesha kwa vijana wanaokuja kujifunza. Anawaambia huo ungefunguka hata kama mnara wa simu unahema.

Kuhusu picha, Mama alikuwa na moja ya mtoto analia. Ilikuwa picha nzuri, kwa maana ile mbaya ya neno nzuri: inakukamata koo. Nilidhani itawekwa. Fundi aliirudisha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo, imeanza kutumika Mei 2023, na angeweza kuishika hiyo. Hakuitaja. Alimuuliza Mama mtoto huyo akifika kidato cha nne, wenzake wakiipata hiyo picha kwenye simu zao, itakuwaje. Iliyopo sasa ni ya sufuria kubwa jikoni na mikono ya watoto ikishika sahani; nyuso hazimo. Nadhani imempunguzia Mama fedha kidogo. Nadhani pia Fundi alikuwa sahihi.

Lakini kazi iliyonifanya nivute kiti karibu ilikuwa ile ya mwisho, njia ya fedha. Hapa Tanzania mchango hupita kwenye simu. M-Pesa iko nasi tangu 2008, na mtoaji wa elfu mbili hana kadi ya benki wala haitaki. Fundi alitaka mtu agonge kitufe na simu ijiandikie yenyewe nyota 150 nyota 00 reli. Jambo dogo, kumbe lina mtego. Ndani ya anwani ya kiungo, alama ya reli ina kazi nyingine kabisa, ya kumpeleka msomaji sehemu fulani ya ukurasa. Ukiiandika kama ilivyo, simu inaweza kuidondosha, na bila reli mtandao haujibu. Inabidi iandikwe kwa kificho, %23. Alinionyesha mstari huo kama seremala anavyoonyesha kiungo cha ndani ya droo. Mtandao ulioitwa Tigo ulipobadilika kuwa Yas mwishoni mwa 2024, na Tigo Pesa ikawa Mixx by Yas, alipitia kila tovuti aliyowahi kuitengeneza, hata za waliokwisha kumsahau, akabadilisha jina na kuacha kando "zamani Tigo Pesa" kwa ajili ya wazee.

Bado adui mkubwa hakuwa programu. Kila Mtanzania mwenye simu amepokea ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Miaka ya ujumbe huo imetufundisha kwamba namba ya simu iliyoandikwa mahali ni tapeli mpaka ithibitike vinginevyo, na ukurasa wa yatima nao ni namba iliyoandikwa mahali. Fundi alilitatua kwa sentensi moja, pale pale kwenye nafasi ya jina la kanga. Inataja jina kamili la kikundi litakalotokea kwenye simu yako kabla hujathibitisha, kisha inaendelea: likitokea jina jingine, usitume, tupigie. Aliisogeza sentensi hiyo juu na chini mchana kutwa. Akaikuza herufi, akaipunguza. Umeme ukakatika, akaenda kununua LUKU, akarudi, akaisogeza tena. Mimi sikuona tofauti yoyote kati ya saa nane na saa kumi na moja, mpaka aliponipa ile itel nikatoka nayo nje juani, karibu na viatu.

Nikaweka laini yangu, nikagonga kitufe. Nikaandika elfu kumi. Jina lililotokea lilikuwa lile la kwenye ukurasa, herufi kwa herufi, nikaweka namba ya siri.